Siku tatu Corca Dhuibhne: pa kuanzia, pa kutulia, pa kuwa mwangalifu

Swali: "Mimi ni muuguzi kutoka Tanga, nafanya kazi Dublin. Mwishoni mwa Mei nina mapumziko ya siku tatu, na wenzangu wameniambia nisikose pwani ya Kerry: mawe ya kale, visiwa, vijiji vinavyozungumza Kiayalandi. Leseni ya hapa ninayo na nitakodi gari. Milima sijaizoea, na bahari ya huku, tofauti na ya nyumbani, naiogopa. Je, siku tatu zinatosha kuzunguka Kerry yote? Na nikifika niangalie nini hasa, maana mawe ni mawe?" Msomaji, Dublin.

Dada yangu, Kerry yote inazungukika kwa siku tatu, lakini siku hizo utazimalizia kwenye usukani. Mzunguko maarufu wa rasi ya Iveragh peke yake unakaribia kilomita 180 za kona. Iache kwa safari nyingine. Chukua ncha ya magharibi ya rasi ya Dingle, kuanzia mji wa Dingle hadi bahari inapoanza, sehemu ambayo wenyeji huiita Corca Dhuibhne. Barabara inayoizunguka, R559, ina kilomita 47 tu. Siku tatu ndani ya kilomita 47 si nyingi. Katika rasi hii kumeorodheshwa takriban mabaki 2,000 ya kale, na jambo adimu ni kwamba lugha iliyoyapa majina mahali hapo bado inasemwa dukani na shuleni. Jiwe, jina na mtu bado wamekaa pamoja, na ndiyo maana napashikilia hapa.

Kutoka Dublin ni kama kilomita 350, saa tano kasoro barabara ikiwa nyeupe. Ukichoka kuendesha, panda treni kituo cha Heuston hadi Tralee, mara nyingi kwa kubadilisha Mallow, kisha chukua gari la kukodi au basi namba 275 hadi Dingle. Lala Dingle au Baile an Fheirtéaraigh. Jaza mafuta Dingle kabla ya kuelekea magharibi, na beba euro kadhaa za noti ndogo na sarafu. Nitakwambia kwa nini. Pakua ramani kwenye simu ukiwa bado na mtandao, kwa sababu chini ya milima unapotea. Bora zaidi nunua ramani ya karatasi ya Discovery Series, namba 70, kipimo cha 1:50,000. Mabaki ya kale yamechapwa humo kwa rangi nyekundu, na ukiitandaza mezani utaona upande wa magharibi ulivyojaa alama hizo.

Sasa majina, maana hapa ndipo wageni wengi wanapopotea. Hili ni eneo la Gaeltacht, yaani eneo ambalo Kiayalandi ndicho lugha rasmi ya vibao. Programu ya ramani itakuambia Dunquin, kibao kitaandika Dún Chaoin. Ventry ni Ceann Trá, Slea Head ni Ceann Sléibhe, Ballyferriter ni Baile an Fheirtéaraigh, na mji wa Dingle ni Daingean Uí Chúis. Andika majina yote mawili kwenye karatasi na uibandike karibu na usukani. Barabarani utakuta GO MALL, nenda polepole, na GÉILL SLÍ, toa njia. Chooni, Fir ni wanaume na Mná ni wanawake. Ajuaye Kiingereza tu huingia mlango usio wake.

Ukishazoea vipande sita au saba vya majina, ardhi inaanza kujieleza yenyewe. Dún na cathair ni ngome. Cill ni kanisa la kale. Trá ni ufuko wa mchanga. Cnoc ni kilima, com ni bonde lililochimbika kama bakuli, inis ni kisiwa. Na ceann ni kichwa, jambo litakalokufurahisha kama Mswahili, kwani neno letu rasi nalo tulilipokea kutoka Kiarabu likiwa na maana hiyohiyo ya kichwa. Ceann Sléibhe ni kichwa cha mlima, na ukifika utaona mlima ulivyoinamisha kichwa chake baharini, barabara ikapita shingoni.

Barabara yenyewe izunguke kwa mwendo wa saa: Dingle, Ceann Trá, Fán, Ceann Sléibhe, Dún Chaoin, Baile an Fheirtéaraigh, kisha urudi. Sababu ziko mbili. Huku mnaendesha kushoto kama nyumbani, kwa hiyo ukienda magharibi kwa njia hiyo bahari iko upande wako wa kushoto na sehemu nyingi za kuegesha unaziingia bila kukata barabara. Pili, mabasi makubwa ya watalii yote huenda upande huo. Ukija kinyume utakutana nayo kwenye kona zilizobana kati ya mwamba na ukuta mfupi, na atakayelazimika kurudi nyuma ni wewe. Mabasi hayo huanza kujaa kuanzia saa nne na nusu asubuhi hivi. Ondoka Dingle kabla ya saa tatu asubuhi, au anza mzunguko baada ya saa kumi na moja jioni. Mwishoni mwa Mei jua huzama huku baada ya saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo jioni ni ndefu kuliko unavyoweza kuitumia, na ndiyo saa nzuri kuliko zote kwa kusoma ardhi. Nitalirudia hilo.

Baada ya Fán kuna mahali kijito kinakatiza juu ya barabara, si chini yake. Kwa kawaida maji hayafiki kifundo cha mguu. Pita kwa gia ya kwanza bila kusimama, kisha kanyaga breki taratibu mara mbili tatu zikauke kabla ya kona inayofuata. Mvua kubwa ikiwa imenyesha usiku mzima, simama kwanza uangalie.

Fán na miteremko ya Sliabh an Iolair, mlima wa mita 516, ndipo pa kutulia siku ya kwanza. Chini ya barabara kuna Dún Beag, ngome iliyojengwa kwenye ncha ya jabali: upande wa bara walichimba mitaro na kuinua matuta ya udongo, safu kwa safu, na nyuma yake ukuta mnene wa mawe, upande wa bahari waliliachia jabali kazi ya ulinzi. Leo jabali hilohilo ndilo linaloimaliza. Dhoruba za Januari 2014 ziliangusha sehemu ya ukuta baharini karibu na lango, na nyingine imeanguka miaka iliyofuata. Ukikuta lango limefungwa au uzio umewekwa, baki nje. Ukingo unaonekana mzima kwa juu ilhali chini umeshaliwa, na nyasi haziwezi kukubeba.

Juu ya barabara ziko clocháin, vibanda vya mawe vya mviringo. Watalii huviita nyumba za mizinga ya nyuki, lakini kwa jicho lililozoea mzinga wetu wa gogo jina hilo halileti picha. Fikiria chungu kilichofudikizwa. Orodha iliyofanywa mwishoni mwa karne ya 19 ilihesabu zaidi ya 400 katika eneo la Fán pekee. Vingi viko ndani ya mashamba ya watu, na mkulima hukaa getini akipokea euro chache za kuingilia. Hapo ndipo sarafu zako zinapofaa. Lipa kwa moyo mweupe. Ni kondoo wake wanaoweka nyasi fupi ukaona mawe, na ni uvumilivu wake unaokuruhusu kupita.

Ukiingia kibandani, usitoke haraka. Chuchumaa uangalie juu. Hakuna boriti, hakuna chokaa. Kila duru ya mawe imesogezwa ndani kidogo kuliko ile ya chini yake, labda upana wa vidole vitatu, na mkia wa kila jiwe unaelemewa na mawe yaliyo nyuma yake ili lisipinduke. Duru zinazidi kubana mpaka juu pabaki tundu linalofunikwa kwa bamba moja au mawili. Kisha weka kiganja kwenye jiwe lolote la ukutani: utahisi limelalia upande wa nje kwa mteremko mdogo. Huo ndio paa. Mvua ikiingia kati ya mawe hufuata mteremko na kurudi nje. Wewe umetoka pwani ambako nyumba za mawe husimama kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Hapa hakuna matumbawe, miti ni michache, na mwamba wa mchanga hupasuka wenyewe kwa mabamba bapa. Waliachia uzito na mteremko kazi ambayo kwetu hufanywa na chokaa na boriti.

Usimwamini mtu anayekuambia kwa hakika kibanda fulani kina miaka 1,500. Baadhi ni vya wakati wa watawa wa mwanzo, vingine vilijengwa karne ya 19 kuhifadhi kondoo na zana. Ufundi ulikuwa uleule, na kwa macho tu huwezi kuvitenganisha.

Ukishapita Ceann Sléibhe utafika ufuko wa Com Dhíneol. Egesha hapo, na badala ya kushuka kuogelea panda nyasi kuelekea Dún Mór, ncha ya magharibi kabisa ya bara la Ayalandi. Ni mwendo wa dakika 20 au zaidi kidogo. Juu yake limesimama jiwe la ogham, na hilo ndilo jibu langu la kwanza kwa kauli yako kwamba mawe ni mawe.

Ogham ni maandishi yaliyotumika hasa kati ya karne ya 4 na ya 7. Hayaandikwi usoni mwa jiwe bali kwenye kona yake; kona yenyewe ndiyo mstari. Yanasomwa kuanzia chini kwenda juu. Herufi zake 20 za msingi zimegawanywa makundi manne ya herufi tano tano: mikato upande wa kulia wa kona, mikato upande wa kushoto, mikato mirefu inayokatiza kona kwa mshazari, na vidoti vidogo juu ya kona yenyewe ambavyo ni irabu. Ndani ya kila kundi unahesabu tu, moja hadi tano.

Jifunze neno moja: MAQI. M ni mkato mmoja wa mshazari. A ni kidoti kimoja. Q ni mikato mitano kushoto. I ni vidoti vitano. Kwa hiyo tafuta: mshazari mmoja, kidoti, mikato mitano kushoto, vidoti vitano. Maana yake ni "wa mwana", sawasawa na bin katika majina yetu, na ndilo neno lililokuja kuwa Mac katika majina ya ukoo unayoyasikia kila siku wodini kwako. Jiwe la Dún Mór linamtaja Erc, bin Mac-Ercias, wa Dovinia. Dovinia ndiye bibi wa ukoo, na jina lake ndilo lililobadilika kuwa Duibhne katika Corca Dhuibhne, yaani kizazi cha Duibhne. Umesimama mwisho wa nchi, na jiwe mbele yako limebeba jina la nchi hiyo kwa zaidi ya miaka elfu moja. Asubuhi au jioni jua likiwa chini, mikato huonekana vizuri. Saa sita mchana jiwe huonekana kama limefutika. Usipake chaki wala kukwaruza ili picha itoke vizuri. Kikwaruzo kimoja hupoteza kidoti, na kidoti kimoja ni irabu nzima.

Siku ya pili iwe ya upande wa kaskazini, na hapa kituo kikuu ni kanisa dogo la Gallarus. Kwanza tahadhari ya pochi: kuna kituo cha binafsi chenye maegesho ya kulipia na filamu fupi, na kuna njia ya umma ya kuingilia kwenye kanisa lenyewe, ambalo ni mali ya taifa na halina kiingilio. Ukitaka choo, chai na maegesho ya uhakika, lipa. Ukitaka kanisa tu, fuata njia ya umma.

Gallarus limejengwa kwa ufundi uleule wa vibanda vya Fán, ila halikuwa duara. Ni mstatili, ndani kama mita 5 kwa 3, kuta zimeinama ndani kutoka chini hadi zikakutana juu, likawa kama mashua iliyopinduliwa. Tofauti hiyo si ya urembo. Duru ya mawe hujikaza yenyewe: kila jiwe limebanwa na jirani zake kama watu walioshikana mikono. Ukuta mrefu ulionyooka hauna msaada huo katikati, kwa hiyo huelekea kuzama ndani, na makanisa mengi ya umbo hili yalianguka kwa sababu hiyo. Simama nje kando ya ukuta mrefu uangalie mstari wa paa: utaona umelegea kidogo katikati. Hilo ndilo lililowaangusha wenzake. Hili mafundi wake walichonga na kupanga mawe kwa ustadi wa kutosha hadi likabaki. Ndani, upande wa magharibi, juu ya mlango kuna mawe mawili yaliyotokeza yenye tundu, ambako mlango ulining'inizwa. Mashariki kuna dirisha dogo, jembamba nje na pana ndani, ili mwanga mdogo uenee. Umri wake una mjadala: wapo wanaoliweka karne ya 7 au 8, wapo wanaolisogeza hadi ya 12.

Karibu na hapo kuna mahali pawili ambapo mabasi mengi hayafiki. An Riasc ni makazi ya watawa yaliyochimbuliwa miaka ya 1970. Kuta zimebaki za kufika magotini, lakini nguzo yake ya jiwe, yenye msalaba wa duara na mikunjo inayotiririka chini yake kama mashina ya mmea, nadhani ndilo jiwe zuri kuliko yote ya rasi hii. Kuna pia makaburi ya watoto waliokufa kabla ya kubatizwa, ambao kanisa halikuwapokea kwenye ardhi yake. Pita hapo kwa utulivu. Kwa wenyeji si historia ya mbali. Cill Maoilchéadair ni kanisa la karne ya 12, uani kuna saa ya jua iliyochongwa kwenye jiwe na jiwe la ogham lenye tundu juu. Dún an Óir, ngome ndogo ya udongo juu ya ghuba ya Ard na Caithne, ni kituo kifupi: Novemba 1580 wanajeshi takriban 600, wengi Waitalia na Wahispania waliotumwa na Papa, walijisalimisha kwa jeshi la Malkia wa Uingereza kisha wakauawa. Leo ni malisho na mnara mmoja wa kumbukumbu.

Sasa ile jioni ndefu. Saa mbili usiku, jua likiwa limelala upande, simama popote penye mteremko wa nyasi, hasa juu ya Dún Chaoin, uangalie mistari. Mlima mzima umechanwa kwa matuta sambamba, yanapanda mpaka mahali ambapo hakuna mtu angelima leo. Ni matuta ya viazi. Mchana huyaoni, kivuli kirefu ndicho kinachoyatoa. Udongo ulikuwa haba, kwa hiyo walibeba mwani na mchanga kutoka ufukoni, wakatandaza, wakapanda viazi juu yake, wakachimba mfereji pande zote mbili na kufunikia udongo wake. Mfereji ulitoa maji, mwani ulirutubisha, na tuta likainua mmea juu ya unyevu. Familia iliweza kuishi kwenye kipande kidogo cha ardhi mbaya kwa chakula kimoja. Mwaka 1845 ugonjwa wa viazi ulipoingia, chakula hicho kimoja kikaoza ardhini, na njaa kuu iliyodumu hadi 1852 iliua takriban watu milioni moja nchini na wengine milioni moja na zaidi wakahama. Matuta ya juu kabisa hayakulimwa tena. Wewe uliyekulia mahali ambako tuta ni kazi ya mikono na si mchoro, utayaelewa haraka kuliko wageni wengi wa hapa.

Uzio wa maua mekundu yanayoning'inia kando ya barabara ni fyusha, uliletwa kutoka Amerika Kusini. Mei ndiyo kwanza unaanza kuchanua.

Kisiwa cha An Blascaod Mór kiko kama kilomita mbili kutoka bara, na mashua ndiyo sehemu ya safari inayovurugika zaidi. Zinaondoka Dún Chaoin, Ceann Trá na Dingle katika miezi ya joto, bahari ikikubali. Kosa la kawaida ni kuiweka mashua siku ya mwisho. Iweke siku ya kwanza, mwenye mashua akiahirisha unabaki na siku mbili. Usidanganywe na anga safi: dhoruba iliyo mbali katikati ya Atlantiki hutuma mawimbi marefu siku moja au mbili baadaye, upepo hapa ukiwa umetulia kabisa, na kwenye gati la kisiwani mawimbi hayo hupanda na kushuka kuliko urefu wa mtu. Abiria huhamishwa kutoka mashua kubwa hadi mtumbwi wa mpira na kukanyaga ngazi zenye mwani. Viatu vyenye meno, mikono mitupu, mkoba mgongoni. Nahodha akisema leo hapana, mshukuru. Mlango huo wa bahari ndio uliozamisha Santa María de la Rosa, meli ya Armada, kundi la meli za vita la Hispania, Septemba 1588, akaokoka mtu mmoja tu.

Dún Chaoin kwenyewe, njia ya gatini ni zege iliyojikunja kwa kona kali kwenye jabali. Egesha juu. Madereva wanaoteremka na gari hukwama, hawana pa kugeuzia.

Kisiwani hakukuwa na padri, daktari wala duka. Watu walifikia karibu 176 mwaka 1916, kisha vijana wakaanza kuhama, wengi wakaenda Springfield, Massachusetts. Shule ilifungwa 1941. Januari 1947 kijana mmoja alifariki kwa homa ya uti wa mgongo, hali ya hewa ikiwa imekata njia ya daktari, na hilo likawafanya waliobaki waombe kuhamishwa. Serikali iliwahamisha Novemba 17, 1953, wakiwa 22. Na bado kijiji hiki kidogo kilitoa waandishi na wasimulizi wanaosomwa nchi nzima: Tomás Ó Criomhthain, mvuvi, Muiris Ó Súilleabháin, na Peig Sayers, ambaye maisha yake yaliandikwa na mwanawe kutoka mdomoni mwake. Utendi na hadithi nawe umevisikia kwa bibi. Hapa ndivyo vilivyobaki baada ya nyumba kubaki bila mapaa. Angalia nyumba za zamani zilivyozamishwa mlimani kwa upande mmoja ili upepo upite juu, na nyumba tano ndefu zaidi zilizojengwa na serikali karibu 1910, zenye ghorofa.

Uliza pia uone naomhóg, mashua ya wenyeji. Ni fremu ya mbao nyembamba iliyovikwa turubai lililopakwa lami, haina mkuku. Kasia ni jembamba karibu kama mti mtupu, na halikufungwa kwa kamba: kijiti kimoja kilichosimama ukingoni kinapita kwenye tundu la kibao kilichopigiliwa kwenye kasia. Wanaume watatu huibeba kichwani ikiwa imepinduliwa, unaona miguu sita tu. Wepesi wake ndio uhai wake: inapanda wimbi badala ya kulipasua, na inatolewa majini mahali pasipo bandari. Udhaifu wake ni kwamba msumari mmoja wa kiatu hutoboa turubai.

Kuhusu hofu yako ya bahari, ibakishe. Com Dhíneol ina mikondo inayovuta nje, na maji yakijaa, hasa wakati wa bamvua, ufuko hubaki mwembamba kati ya wimbi na jabali. Angalia ratiba ya maji kabla ya kushuka. Maji ya Mei ni baridi kiasi cha kukata pumzi ghafla. Ukitaka kuogelea nenda Ceann Trá, ghuba iliyotulia zaidi. Usiipe bahari mgongo ukiwa kwenye miamba yenye maji. Dharura piga 112 uombe Coast Guard. Mlima wa Cnoc Bréanainn, mita 952, nao uache safari hii: kilele chake hufunikwa na wingu muda mwingi, na upande wa mashariki unakatika ghafla. Badala yake tembea kipande cha Cosán na Naomh, njia ya mahujaji ya kilomita 18 kutoka Ceann Trá hadi chini ya mlima huo. Kati ya Gallarus na Cill Maoilchéadair ni fupi na imewekwa alama.

Njia nyingi zinapita kwenye ardhi ya watu, na Ayalandi haina haki ya jumla ya kutembea popote. Geti ulilolikuta limefungwa lifunge, lililo wazi liache wazi. Mei kuna wana-kondoo, kwa hiyo mbwa hapana. Usipange mawe kuwa mnara wa picha. Jiwe uliloliokota huenda ndilo lililokuwa limeshikilia ukuta. Chukua koti na suruali ya mvua. Jinzi ikilowa hapa haikauki siku nzima, na mwavuli utapinduka Ceann Sléibhe kabla hujaufungua vizuri.

Mashua ikishindikana siku zote tatu, nenda Ionad an Bhlascaoid, kituo cha makumbusho cha Dún Chaoin. Mwisho wa ukumbi wake kuna dirisha kubwa linalotazama kisiwa. Kisha jioni endesha dakika chache hadi Clochar, ambako miamba ni ya zamani kuliko ya Fán na ina alama za kombe za bahari iliyokauka zaidi ya miaka milioni 400 iliyopita. Geuka uangalie baharini, kulia kwa kisiwa kikubwa. Inis Tuaisceart imelala hapo chali, paji la uso, pua, mikono kifuani, na tumbo lililoinuka. Wenyeji wanaiita An Fear Marbh, mtu aliyekufa, na huonekana vizuri zaidi katika robo saa ya mwisho kabla jua halijazama.